Garimoshi Halisimami Tena Stesheni Ndogo

Usiache mbachao kwa msala upitao, walituusia wazee wetu. Methali hiyo yasema juu ya mkeka mkuukuu na msala wa mgeni, lakini mtu akitazama mambo ya reli huku kwetu Pwani ataona kana kwamba ilitungwa kwa ajili yake. Tangu mwaka 2017 tunayo reli mpya, pana, imfikishayo abiria Nairobi kwa muda wa saa tano hivi. Hapana mwenye akili atakayeikataa neema hiyo. Lakini ilipokuja hiyo mpya, safari za abiria katika ile ya kale zilikatwa, na pamoja nazo zikaachwa stesheni ndogo zilizokuwa zikiishi kwa honi ya garimoshi: Mazeras, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road na Maungu.

Basi swali, ndugu msomaji, si kama gari jipya ni zuri. Uzuri wake twauona. Swali ni hili: garimoshi la abiria ni la nani? Je, ni la wale walioko mwanzo na mwisho wa njia peke yao, au ni la wakaao katikati pia? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama safari za reli za mikoani zitaendelea kuwako katika nchi hii, au zitabaki hadithi ya kusimuliwa wajukuu.

RELI ILIVYOINGIA

Kabla ya reli, kwenda bara ilikuwa kazi ya misafara. Waswahili wa Mombasa, Vanga na Pangani waliijua njia ya Taveta na Kilimanjaro, na wengine walifika hata Mumias karibu na ziwa. Mizigo ilichukuliwa kichwani na mabegani, na safari ilihesabiwa kwa miezi. Mahali ambapo msafara ulilala palizuka soko, pakajengwa msikiti, na lugha yetu ikapata wenyeji wapya.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa. Mkuu wa mafundi alikuwa George Whitehouse. Mwaka 1899 reli ilifika mahali palipokuwa na maji baridi na nyika tupu, ambapo leo ni Nairobi, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika ziwani, Kisumu. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo, wengi wao kutoka Punjab, na miongoni mwao walikuwa Waislamu wengi. Wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi, kwa ajali, na baadhi yao, kama ajuavyo kila mtoto aliyesomeshwa habari za Tsavo, kwa simba wala watu wa mwaka 1898.

Reli hiyo iliua misafara. Mji kama Mumias, uliokuwa kituo kikubwa cha wasafiri wa Pwani, ulijikuta kando, kwa kuwa njia ya chuma ilikwenda Kisumu, na biashara ikaifuata. Hapo pana funzo lisilotaka miwani: njia mpya haichagui tu pa kupita, huchagua pia nani atasahauliwa. Jambo lililowapata watu wa misafara zaidi ya miaka 120 iliyopita, limewapata watu wa stesheni ndogo mwaka 2017.

GARI LA USIKU

Wale waliopanda gari la usiku la Mombasa na Nairobi hawatahitaji kuelezwa. Lilikuwa likiondoka jioni karibu na Magharibi, kutoka ile stesheni ya kale kisiwani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Katika mwezi wa Ramadhani wasafiri wengi walifuturu papo hapo stesheni, kwa tende na maji na sambusa zilizofungwa nyumbani, wakasali, kisha wakaingia garini.

Ndani ya gari palikuwa na adabu zake. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili, la pili vya vitanda vinne, na la tatu lilikuwa la viti. Katika daraja la pili wanawake walipewa vyumba vyao na wanaume vyao, isipokuwa jamaa waliochukua chumba kizima. Mama wa Kiswahili aliyekuwa akisafiri na binti zake aliweza kufunga mlango, akavua buibui na kupumzika pasi na wasiwasi. Hilo si jambo dogo kwa watu wetu, wala hakuna basi linaloweza kulitoa. Kisha alipita mtumishi wa chumba cha kulia akigonga marimba yake ndogo, na watu wakajua chakula ki tayari.

Hata sala ilikuwa na elimu yake garini. Kibla chetu sisi wa Mombasa ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Gari liendalo Nairobi huelekea kaskazini-magharibi, basi msafiri alijua kuwa kibla ki mkono wake wa kulia kidogo, na reli ilipopinda, naye ilimbidi apinde. Wengine walingoja gari lisimame stesheni kubwa kama Voi, wakashuka, wakasali upesi kwa kupunguza na kukusanya kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha gadi akapuliza firimbi. Gari lenye kusimama lilimpa mtu wasaa wa kumkumbuka Mola wake akiwa ameweka miguu ardhini.

Na kusimama huko ndiko kulikokuwa riziki ya wengine. Madafu na machungwa ya Mazeras, ndizi za milima ya Taita zilizoletwa Voi, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, chai ya birika. Vyote hivyo viliuzwa dirishani. Behewa la gadi nalo lilichukua vikapu vya maembe, nazi na ng'onda waliopelekewa jamaa wa Pumwani na Kibera. Ukiwauliza wazee wa Nairobi ladha ya Pwani iliwafikiaje, watakujibu kwamba ilifika kwa reli.

Siku za moshi wenyewe zilikuwa na fahari yake. Kuanzia mwaka 1955 mizigo ya njia hii ilivutwa na injini kubwa za aina ya Garratt, zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, na katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwa na injini za moshi kubwa kuzishinda. Moja yao, Mount Gelai, ingaliko katika jumba la makumbusho ya reli, Nairobi. Ni vyema injini kuwekwa makumbusho. Ila haifai wasafiri nao kuwekwa makumbusho.

MSIKITI ULIO KANDO YA RELI

Mackinnon Road iko kati ya Mombasa na Voi, katika nyika kavu ya Taru. Kando ya reli ya kale, karibu na barabara kuu, uko msikiti na ndani yake kaburi la Seyyid Baghali Shah, aliyekuja kutoka Punjab kufanya kazi ya reli. Yasemekana kwamba alipokuwa akichukua karai la mawe, karai hilo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa, na simba wa nyika hawakumdhuru. Wako Waislamu wenye kuzuru kaburi hilo na kumwombea dua, na wako wasioafiki mambo ya kuzuru makaburi. Huo ni mjadala wa wanavyuoni na mahali pake si hapa. Lakini hapana asiyekubali kwamba mahali hapo pamekuwa pumziko la wasafiri. Madereva wa malori na mabasi husimama, hutawadha, husali, huweka sadaka, kisha huendelea.

Mbele zaidi, Makindu, Masingasinga waliofanya kazi ya reli nao walijenga hekalu lao mwaka 1926, na mpaka leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula hapo bila malipo. Basi reli hii si chuma na mataruma tu. Wajenzi wake walizikwa kando yake, na kando yake waliacha nyumba za ibada na desturi ya kumkirimu mgeni. Abiria wa gari la kale aliweza kushuka Mackinnon Road kwenye stesheni yenyewe, akatembea hatua chache, akafika msikitini. Abiria wa gari jipya hupita kwa kasi ya kilomita 100 na zaidi kwa saa, na huenda asijue amepita nini.

KILICHOLIUA GARI LA KALE

Wengi husema kwamba gari la kale liliuawa na reli mpya. Kusema hivyo ni nusu ya ukweli. Lilianza kuugua zamani.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli ikagawanywa kama mali ya urithi baina ya ndugu waliogombana. Injini zikaenda huku, karakana zikabaki kule. Njia ya Voi hadi Taveta na Moshi, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baadaye ikawa daraja la udugu kati ya Wataita, Wataveta na watu wa Kilimanjaro, ilikatika mara moja, kwani mpaka ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kufikia hapo watu walikuwa wamezoea njia nyingine.

Sisi Waislamu tunao mfano wa jambo hili ulio karibu na nyoyo zetu. Mwaka 1900 Sultani Abdulhamid wa Pili aliamuru ijengwe reli kutoka Damascus kwenda Hijaz, ili mahujaji waepukane na safari ya ngamia ya siku arubaini. Waislamu wa nchi nyingi walitoa sadaka zao. Mwaka 1908 reli ilifika Madina. Haikufika Makka kamwe. Vita vikaja, madaraja yakavunjwa, kisha dola ikagawanyika na reli moja ikawa na wenyewe watatu. Sehemu yake ya kusini hatimaye iliachwa. Makka na Madina hazikuunganishwa kwa reli mpaka mwaka 2018, ilipofunguliwa ile ya mwendo wa kasi, na hiyo ni njia mpya kabisa. Miaka 110 ilipita. Reli ikishaachwa na wenyewe, kuirudisha ni kazi ya vizazi.

Kwetu, baada ya mwaka 1977, maradhi yalikuwa mengi. Njia ni moja, magari hupishana stesheni, na moja likichelewa yote huchelewa. Mabasi ya barabara kuu yaliongezeka, nayo huondoka kila saa. Fedha za reli hutoka kwenye mizigo, na abiria mara nyingi hayalipii makaa yake, kama wasemavyo; kwa hiyo palipokosekana injini, gari la abiria ndilo lililongojeshwa. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa mapatano ya miaka 25, lakini mapatano hayo yalivunjwa mwaka 2017 kabla ya kufika nusu. Wakati huo gari lililokuwa likienda kila usiku lilikuwa limekuwa la siku chache kwa juma, na kufika kwake kulihesabiwa kwa rehema ya Mungu kuliko kwa saa. Aprili 2017 safari za abiria kati ya Mombasa na Nairobi katika reli hiyo zilikoma.

RELI MPYA NA WALIOACHWA KANDO

Reli mpya ilifunguliwa tarehe 31 Mei 1917 ikitimia miaka mia moja? La, msomaji, ni 31 Mei 2017, na wala hatusemi hivyo kwa mzaha. Ni kwa sababu mambo yake ya kuwaacha watu kando yanafanana mno na ya enzi za mkoloni. Urefu wake toka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 472, na iligharimu shilingi zipatazo bilioni 327, nyingi zikiwa za mkopo kutoka China. Stesheni zake za abiria kati ya Mombasa na Voi ni mbili tu: Mariakani na Miasenyi. Tena si kila gari lisimamalo huko; yako yaendayo moja kwa moja.

Mombasa yenyewe haikupata stesheni mjini. Stesheni ni Miritini, bara, na mtu wa Mji wa Kale au wa Likoni hana budi kupanda matatu, apite Makupa na Changamwe penye malori, ndipo afike. Nairobi nako stesheni iko nje ya mji, Syokimau, lakini wa Nairobi waliwekewa gari dogo la kuwaleta mpaka stesheni yao ya kati. Mwaka 2020 yalinunuliwa Uhispania magari 11 ya abiria yenye injini zake, yaliyokwisha kutumika, kwa ajili ya safari za Nairobi na viunga vyake. Sisi wa Mombasa tulibaki na ahadi kwa miaka mingi. Hata kazi ya kuitengeneza reli ya kale kati ya kisiwa na Miritini ilipoanza, ilikuwa imeshachelewa sana.

Nauli nayo ina neno lake. Gari lilipoanza, nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 700. Kuanzia Januari 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Mwenye nazo hulipa na kushukuru kwa mwendo mzuri. Muuza maembe wa Samburu hana haja ya kwenda Nairobi kwa saa tano. Haja yake ni kwenda Mombasa asubuhi na kikapu chake na kurudi jioni. Kwa mtu huyo reli mpya si nafuu wala si ghali. Haiko.

YAWEZA KURUDI?

Wako wasemao kwamba kufufua reli ya kale ni kupaka maiti hina. Hoja yao tusiidharau. Mataruma yameoza mahali pengi, vyuma vina wezi wake, na kila shilingi itakayotiwa huko ni shilingi iliyokosekana katika zahanati au chuo. Tena barabara ya lami iko, na matatu ziko.

Lakini tazama yaliyotendeka kwingine. Desemba 2020 abiria walisafiri tena kwa reli kutoka Nairobi hadi Nanyuki, baada ya njia ile ile ya kale kutengenezwa. Desemba 2021 garimoshi la abiria lilirudi Kisumu. Jirani zetu wa Tanzania mwaka 2019 walirudisha gari la abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na mwaka 2020 likafika Arusha, baada ya zaidi ya miongo miwili njia hiyo kukaa bila abiria. Wao pia wana reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai. Hawakuona kwamba kuwa na msala mpya ni sababu ya kuuchoma mkeka wa kale.

Haya hayatoshi kuthibitisha kwamba safari hizo zitadumu. Gari lirudishwalo kwa sherehe laweza kukoma kimya kimya, mvua ikila tuta au injini ikikosa vipuri. Hapo ndipo penye mashaka ya safari zote za mikoani: huanzishwa kwa hotuba, lakini hudumu kwa mafuta, fundi na fungu la fedha la kila mwaka. Nchi iliyoamua kwamba gari la abiria la mikoani ni huduma, kama maji na shule, hulitengea fungu hilo. Nchi isiyoamua hungoja lipate faida, na faida isipopatikana, hulizika.

Sisi wa Pwani hatuombi makubwa. Hatuombi gari la usiku lirudi na vitanda na marimba yake, ingawa moyo hupenda. Tunachoomba ni gari dogo, lenye injini yake, litoke Mombasa kisiwani, lipite Changamwe, Mazeras, Mariakani, Samburu na Mackinnon Road mpaka Voi, mara moja asubuhi na mara moja jioni, kwa nauli ambayo mwanafunzi na muuza mboga wataimudu. Njia iko. Majina ya stesheni yako. Watu wako. Kinachotakiwa ni wakubwa kuamua, na viongozi wetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Taita-Taveta kuliuliza jambo hili kwa sauti moja badala ya kila mmoja kuuliza lake.

Nasi raia tuna wajibu wetu. Chuma cha reli kikikatwa usiku na kuuzwa kwa vyuma chakavu, mwizi huwa ni mtu wa kwetu na mnunuzi ni wa kwetu. Mali ya umma ni amana, na amana ina maulizo yake duniani na akhera. Hatuwezi kudai gari lirudi ilhali tunaing'oa njia yake.

Wale waliofika kutoka Punjab na wakazikwa katika nyika ya Taru hawakujenga njia ili iote miiba. Walijenga, wakasali kando yake, wakaacha mahali pa kumpumzisha msafiri. Kama garimoshi litasimama tena katika stesheni hizo ndogo au halitasimama, uamuzi uko mikononi mwa walio hai. Mwenyezi Mungu atujaalie tuamue mapema, kabla reli haijawa kama ile ya Hijaz, ambayo wazee waliichangia kwa sadaka na wajukuu wakaikuta imefunikwa na mchanga.